Usitazame Jukwaani

Ramli haikuwa na mikono wala kichwa. Ilikuwa macho arobaini tu, yamening'inizwa kwenye dari la uwanja wa Chuo cha Ufundi wa Maji, Dodoma, na kazi yake ilikuwa moja: kuwatazama wanafunzi wakicheza mpira wa kikapu na kusema nani ataweza kulipwa kwa mchezo huo kwenye Ligi ya Mwezini. Jina lake rasmi lilikuwa Kipimavipaji, lakini nani ana muda wa jina refu namna hiyo? Wachezaji waliiita Ramli, ikawa Ramli hadi kwenye barua za wakubwa.

Ilipima magoti yanavyotua. Ilipima moyo unavyotulia mtu akiachwa peke yake mbele ya kikapu, na muda anaotumia kusahau kosa lake. Baada ya kila mechi iliandika makadirio ubaoni, na ya mechi ya tatu ndiyo yalikuwa hukumu: Atafaa, au Hatafaa. Miaka kumi na moja haijakosea. Mhandisi aliyeiunda, Nyamizi Lubinza, ambaye zamani aliichezea timu ya chuo hicho hicho, alikuwa ameacha hata kujivunia. Alirudi kila siku kwenye nyumba yenye sufuria moja ndogo, akala, akaosha, akalala.

Sasa sikia. Shigela Maduhu alifunga pointi thelathini na moja katika mechi yake ya kwanza, akadaka ribaundi kumi na nne, uwanja mzima ukasimama. Ubao ukaandika: Hatafaa.

Kijana alipanda moja kwa moja hadi chumba cha mitambo, jezi bado imelowa.

"Shikamoo, Mhandisi."

"Marahaba. Kaa."

"Sikai. Niambie nina kasoro gani. Goti? Nitalifanyia mazoezi."

Kanuni zilimkataza Nyamizi kusema. Alisema.

"Ukishafunga, unatazama wapi?"

"Kwa mama."

Safu ya tatu, kiti cha pembeni. Mama Shigela alikuwa fundi cherehani, na katika mpira wa kikapu alijua jambo moja tu, kwamba kiwiko kibanwe. Tangu mwanawe ana miaka tisa, kila alipofunga alimtafuta mama kwa macho, na mama akagonga kiwiko chake mara mbili.

"Mkataba wa Mwezini ni miaka sita bila kurudi," alisema Nyamizi. "Wanaomtafuta mtu jukwaani hawamalizi hata mwaka. Wanaacha kula, wanarudishwa mifupa mitupu. Ramli imeliona hilo yenyewe, wala sikuifundisha mimi."

"Yaani shida ni mama yangu?"

"Shida ni shingo yako."

Shigela alicheka kidogo. "Wewe ulipocheza chuoni, ulikuwa unamtazama nani?"

"Hakuna aliyekuja."

"Pole sana, Mhandisi."

Ni miaka mingi hakuna aliyekuwa amempa pole. Aligeukia mitambo yake ili kijana asimwone uso.

Mechi ya pili, Shigela alitazama jukwaani mara mbili. Mechi ya tatu hakutazama kabisa. Mama aligonga kiwiko, akagonga tena, akahamia safu ya mbele akidhani haonekani. Ubao ukaandika: Atafaa. Watu walishangilia. Mama alipiga vigelegele huku akimtazama mwanawe mgongoni.

Asubuhi ya safari Nyamizi na mama walikutana kwenye uzio wa bandari ya roketi, nje kidogo ya Manyoni.

"Dada Mhandisi," mama alimwita. "Mwanangu nimemkosea nini? Nyumbani tunacheka vizuri tu. Uwanjani hataki hata kuniona. Au namtia aibu mbele ya wenzake?"

Nyamizi alimweleza yote. Alitegemea matusi, na kwa kweli aliyataka.

"Kumbe!" mama alisema. "Si mngeniambia tu? Ningebaki nyumbani na cherehani yangu, asipate tabu ya kujizuia." Kisha uso ukamchangamka. "Na hapa, hayo macho yapo?"

"Hakuna hata moja."

"Eeh! Basi atageuka."

Vijana wanne walianza kupanda ngazi ya chombo. Shigela alikuwa wa mwisho. Mama aliinua mkono, akagonga kiwiko mara mbili, taratibu. Shigela alifika mlangoni, akaweka begi vizuri begani, akainamisha kichwa, akaingia. Mlango ukafungwa.

Kwa mara ya kwanza Nyamizi alikuwa ameomba Ramli ikosee.

"Labda hakujua nimesimama upande huu," mama alisema. Mkono wake ulikuwa bado uko kwenye kiwiko. "Ila umeona alivyobeba lile begi? Kiwiko kimebana vizuri kabisa. Umekiona?"

Nyamizi alikuwa haoni kitu kwa machozi.

"Nimekiona, mama," alisema.