Nafasi ya Nyuma

Rafiki yangu fundi bomba huwaona madalali wa magari kama kunguni. Alitaka gari la dizeli la kutosha familia nzima, na mkewe alishaapa: "Ukileta mkweche mwingine, utalala humo humo."

Dalali akamwingiza kwenye ghala lenye giza. "Gari hili halijawashwa mwezi mzima, bosi!"

"Funga domo." Rafiki yangu akagusa injini, maana matapeli huipasha moto mapema ili iwake kirahisi. Ilikuwa baridi kweli. Akapanda nyuma kupima nafasi. Kiti kilikuwa na joto.

"Nani alikuwa amelala humu?"

"Nani tena, na ufunguo ninao mimi?" dalali akacheka kule nje.

Kando ya rafiki yangu, sponji ya kiti ikabonyea taratibu, fyuuu, kama mtu anayesogea ili mgeni apate nafasi.