Tikiti la Mfalme

Haya yalimpata rafiki yangu Stamatia. Mumewe, Argiris, aliigiza mfalme anayeuawa kwa shoka katika ukumbi wa kale wa mawe, nje ya kijiji chao. Mauaji hufanyika nyuma ya mlango. Watazamaji husikia mapigo tu, na sauti hiyo hutolewa kwa kupasua tikiti maji.

Jioni hiyo tikiti lilisahaulika nyumbani.

"Stamatia wangu, kimbia, la sivyo nitauawa kimyakimya!" Argiris alimtania kwa simu.

Stamatia alipofika, taa zilikuwa zimezimwa. Nyenze waliokuwa wakilia mitini walinyamaza ghafla. Akiwa bado kwenye ngazi, tikiti kifuani, alisikia: pu! pu! pu! Kisha kitu kizito kikamwagika gizani, na Argiris akapiga yowe.

Stamatia alikimbilia nyuma ya mlango. Argiris alikuwa ameuegemea, mzima, jasho likimtiririka.

"Umechelewa, mama," alinong'ona. "Imebidi nipige yowe tu."

"Na yale mapigo?"

"Mapigo gani? Hakuna aliyepiga kitu."

Stamatia akamvuta kando, akamulika kwa simu. Kwenye mbao za mlango palikuwa na mikato mitatu mipya ya shoka, usawa wa shingo ya mumewe, na katika ule wa tatu zilikuwa zimenasa nywele za mvi za Argiris, zimelowa damu.