Mlevi wa Nkonyane

Walipomtoa dereva, Mzee Josefa Dingindawo, kati ya injini na behewa la kwanza, kifua chake kilikuwa kimebonyea. Manyunyu yaliwalowesha wageni waliokuja na watoto wao kupanda treni ya mvuke ya makumbusho. Hakuna aliyeuliza tena habari za safari.

Inspekta Sikhangele Mabhena wa polisi ya Bulawayo aliufunika mwili, kisha akamgeukia Mabuza, mtia makaa wa marehemu.

"Alifuata nini huku kati?"

"Alikuwa anaunganisha behewa, mama. Kazi yangu hiyo, lakini siku ya wageni mzee hakubali mtu aiguse. Anapenda apigwe picha."

"Behewa likamjia."

"Pana mteremko. Breki ya mkono ndiyo inalizuia, na niliikaza mwenyewe asubuhi! Nikapaka vanishi sakafu ya chumba cha gadi, chenye breki hiyo, nikatoka kinyumenyume. Sikurudi tena."

Inspekta alipanda. Gurudumu la kukazia breki lilikuwa limefunguliwa lote. Kwenye vanishi mbichi, nyayo zilielekea kwenye gurudumu, zikarudi mlangoni. Ndogo, za kiatu cha kike.

Sibonokuhle Tshuma, gadi wa treni, alikuwa peke yake kwenye benchi la kituo, bendera ya kijani mapajani.

"Behewa lilipoanza kutembea ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

"Na nani?"

"Peke yangu."

"Umati wote huu, na hakuna aliyekuona?"

Sibonokuhle alivuta miguu chini ya benchi.

"Inua kiatu, dada."

Hakuinua.

"Nakuomba kwa heshima."

Akainua. Soli iling'aa vanishi, majani makavu yamenata.

"Mzee Josefa alikukosea nini?"

"Unaijua ajali ya Nkonyane?"

"Nimeisikia. Treni mbili ziligongana. Wakasema mshika ishara alikuwa mlevi."

"Alikuwa baba yangu. Pombe hakuijua hata harufu. Ishara ilikuwa nyekundu, Josefa akaipita, kisha akala kiapo mahakamani kwamba ilikuwa kijani. Baba alifia gerezani. Mama alifukuzwa nyumba ya reli, na mimi shuleni nikaitwa mtoto wa mlevi."

"Kwa hiyo ukaja kumuua."

"Nilikuja kumsikiliza! Miaka miwili napeperusha bendera nyuma yake. Nikasema mtu akizeeka, dhamiri itamsumbua, siku moja ataropoka ukweli." Alifuta uso kwa kiganja. "Leo amewasimulia wageni ajali ile. Mlevi kasinzia, yeye shujaa karuka kutoka kwenye injini inayowaka moto. Watu wanacheka, watoto wanacheka. Nikamfuata pembeni. Nikamwambia, 'Baba, huyo mlevi aliitwa nani?'"

"Akakujibuje?"

"Akanipigapiga begani. 'Aa, mwanangu, jina la mlevi nani analikumbuka?' Akaenda zake kuunganisha behewa."

"Nawe ukapanda."

"Nikapanda."

Inspekta alitoa pingu. Sibonokuhle aliikunja bendera vizuri, akaiweka kwenye benchi, akanyoosha mikono.

"Baba yako aliitwa nani?"

Sibonokuhle alimtazama kana kwamba hakusikia vizuri.

"Mhlanganiso," alisema. "Mhlanganiso Tshuma." Kisha akalia kwa sauti, mpaka wageni wakageuka. "Angelitaja tu jina hilo, Inspekta. Hata kwa kulitukana. Nisingepanda."