Tangazo Lililofutwa Kaphirimba

Mwili wa Tawonga Kumwenda, muuza maandazi, ulikutwa Jumatatu asubuhi juu ya mkeka, ndoo ya maji kando yake. Maabara ya wilaya haikuuma maneno: kipindupindu. Sampuli ya ndoo na ya bomba la mtaa zilikuwa na vimelea vilevile.

Kufika saa sita, Bodi ya Maji ya Kaphirimba ilikuwa imeshampata mkosaji. Eti Mzee Wyson Mhango, fundi wake, aliona bomba limepasuka penye mtaro wa choo akanyamaza. Alilitengeneza baadaye, mtu ameshakufa. Akatiwa ndani. Miaka thelathini ya kazi, leo muuaji! Mji mzima ulichefukwa.

Inspekta Tionge Msiska, NyaMsiska kwa heshima ya wanawake wa huku, alimkuta rumande, mgongo umenyooka.

“Uliripoti lini, baba?”

“Jumamosi, saa mbili asubuhi. Wakaweka tangazo kwenye ukurasa wao wa Facebook: msinywe maji.”

“Nimeutazama. Hakuna kitu.”

“Basi wamelifuta, NyaMsiska. Mimi, Mhango, nione bomba linavuja nipite? Uliza yeyote mjini.”

Inspekta alimuuliza mume wa marehemu, Lusungu.

“Aliliona asubuhi, akamwaga maji yote,” alisema Lusungu. “Jioni akatazama tena, halipo. Akaniambia kwa simu, ‘Kumbe uzushi tu. Lingekuwa kweli wangelifuta?’ Akakinga ndoo, akanywa.”

Kuomba kumbukumbu kwa wenye mtandao kungechukua miezi, na Mhango angekuwa ameshafungwa. Lakini Msiska ni mtoto wa hapahapa. Wengi wetu hatuna bando. Matangazo ya ofisi tunayasikia kanisani. Akaenda kwa karani wa kanisa, bibi NyaZgambo, akaomba daftari la matangazo.

Tangazo lilikuwemo. Jumamosi, saa nne: maji yasinywewe. Aliyeleta: Gracian Nyirenda, msemaji wa bodi na mzee wa kanisa. Juu ya maneno hayo ulipita mstari mmoja wa wino mwekundu, na pembeni sahihi.

“Nani kapiga mstari?”

“Yeye mwenyewe, Jumamosi hiyohiyo jioni. Alitaka nichane ukurasa. Nikamwambia, mwanangu, hili si simu yako. Humu hatuchani, anayeondoa neno anapiga mstari na kutia sahihi. Akatia, kama anavyotia siku zote.”

Nyirenda aliletwa kituoni na tai yake ya sherehe.

“Bodi haikutoa tangazo lolote,” alisema.

“Sahihi hii ya nani?”

Akaitazama. Akalegeza tai.

“Yangu.”

“Kwa nini ulilifuta?”

“Jumatatu wageni walikuwa wanatuletea ngao. Bodi safi kuliko zote nchini! Miaka saba hatujatajwa kwa ubaya, NyaMsiska, na mimi ndiye niliyelijenga jina hilo. Watu walianza kututukana chini ya tangazo. Sikuvumilia. Nikasema nitalifuta, bomba litatengenezwa, nani atakumbuka?”

“Tawonga alikumbuka. Alikwenda kulitafuta.”

Nyirenda akainamisha kichwa mezani, akalia kwa sauti.

“Na Mhango?”

“Mtu alikufa, nikaogopa. Nikamsingizia. Yeye aliripoti kwa wakati.”

Alitia sahihi maelezo yake, akafungiwa. Mzee Mhango akatolewa saa hiyohiyo.

Alhamisi, baada ya maabara kuyapima maji mara tatu, bodi iliandika kwenye ukurasa wake kwamba ni salama. Ilikuwa kweli tupu. Jibu la kwanza lilikuja upesi: “Na hili mtalifuta saa ngapi?” Bomba la mtaa lilikaa halina mtu, akina mama wakapanda kilima kwenda kisimani, wajawazito kwa wazee.

Ndipo Mhango alipokwenda kusimama bombani na spana yake.

“We mzee, jela imekutosha?” NyaMkandawire, ndoo kichwani akielekea kisimani, alimtania. “Yanafaa kweli?”

“Nimelitengeneza mimi,” alisema Mhango, kifua mbele. Akajaza kikombe, akanywa mpaka tone la mwisho, akakifuta kwa shati.

NyaMkandawire alisogea bombani. Kisha akatua ndoo yake chini ya bomba, na wenzake wakapanga foleni nyuma yake.