Uso Uliofutwa Bwaloni

Jumamosi, saa moja asubuhi, Ephrasia alifungua bwalo la shule yao pale Mbinga akakuta uso wa Bikira Maria aliouchora jana yake umefutwa. Mtoto alikuwepo mikononi, mibuni ilikuwepo nyuma yao. Uso tu haukuwepo.

Ulikuwa mwaka 1995. Kidato cha tatu walikuwa wanasoma habari za Mwamko wa Ulaya, na kila kundi lilipewa kazi ya kutengeneza kitu cha zama zile. Kundi la Ephrasia lilichora ukutani juu ya lipu mbichi ya chokaa, kama mafundi wa Italia. Wageni wa maonyesho walitarajiwa Jumatano.

Mkuu wa shule, Mwalimu Bernadi, alikuwa na jibu tayari. "Ni Ilyasi. Aliutaka ukuta huu kwa mchoro wake wa daraja, akanyimwa. Mpishi amemwona akitoka humu alfajiri. Leo anarudi kwao."

"Nilifuata sweta langu, mwalimu," Ilyasi alisema.

Mwalimu Hildegardi, aliyefundisha historia, aliomba adhabu hiyo isubiri hadi mchana. Alichuchumaa chini ya ukuta. Sakafu ilikuwa safi, hakuna hata punje ya chokaa. Akapapasa palipokuwa na uso: palikuwa laini, pana michirizi ya vidole.

"Leo lipu ni ngumu," alimwambia mkuu. "Kuitoa ni mpaka uikwangue, na vumbi lingemwagika. Aliyefanya hivi alifuta jana jioni ikiwa mbichi. Jana jioni Ilyasi alikuwa wapi?"

Mkuu alikumbuka. "Litumbandyosi, kwenye mpira. Nilikuwa naye mwenyewe."

"Basi tutafute vidole. Wachoraji walivaa mifuko ya nailoni mikononi kwa sababu chokaa mbichi inaunguza. Aliyefuta alitumia mikono mitupu."

Wakati wa chakula Hildegardi alipita kati ya meza. Wanafunzi wote walikuwa wakimega ugali kwa mkono. Wendelin, mchanganya lipu wa kundi la Ephrasia, alikuwa anakula kwa kijiko.

"Nionyeshe mikono, mwanangu."

Ncha za vidole zilikuwa zimebabuka.

Ofisini, mbele ya Ephrasia na Ilyasi, mkuu aliuliza, "Ulimwonea wivu mwenzako?"

"Hapana, mwalimu. Ule ni uso wa mama."

Mama yake alifariki mwezi wa tano. Ephrasia alimwona mara moja tu, walipokwenda kumjulia hali hospitalini, na alikusudia kumpa heshima.

"Alimpatia kabisa, alivyokuwa akiumwa," Wendelin alisema. "Wageni wangemwona amekonda vile. Nilitaka kumjaza mashavu tu. Nikaharibu, nikaogopa, nikapangusa wote."

"Na Ilyasi ungemwacha afukuzwe?" Hildegardi aliuliza.

"Nilikuwa natafuta ujasiri, mwalimu." Akamgeukia Ilyasi. "Nisamehe."

Ilyasi aliitikia kwa kichwa. Mkuu naye akamwomba radhi, akaahidi kurudia maneno hayo mbele ya shule nzima.

"Ilinipasa nikuulize kwanza," Ephrasia alimwambia Wendelin.

Jumatatu Wendelin alipaka lipu mpya, safari hii amevaa mifuko. Kisha akasimama kando ya Ephrasia, akatazama brashi.

"Hapo shavuni ongeza."

"Hivi?"

"Ongeza tena. Alikuwa mnene, mama."

Ephrasia akaongeza.