Babu Amegonga Mara Mbili

Kila asubuhi kabla ya shule, Kokugonza alimnywesha babu yake uji barazani, nyumbani kwao Mkolani. Miaka minne iliyopita Mzee Rutashobya alipatwa na kiharusi, akapoteza kauli. Akigonga kiti mara moja, ni ndiyo. Mara mbili, ni hapana. Lugha hiyo waliijua wawili tu. Wengine walimsalimia mzee, wakapita na haraka zao.

Mbele ya baraza lilikaa gari lake, Pijo ya zamani, chini ya turubai. Tangu augue halikuwashwa tena, na buti lake liligeuka stoo ya magunia ya dagaa.

Ijumaa moja Kokugonza alirudi kutoka shuleni akakuta turubai limeondolewa. Kesho yake shangazi Noela alikuwa anaolewa, na aliomba jambo moja tu: apelekwe kanisani kwa gari la baba yake.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Sogea pembeni, leo tunaliamsha!" akasema Muganyizi huku akifunga betri mpya. Alikwisha kumimina petroli, na vijana wa mtaani walisubiri nyuma ya gari. "Betri ikigoma, tunasukuma."

Ko! Ko! Babu aligonga kiti.

"Mnaona? Mzee kafurahi!" Vijana wakapiga makofi.

Ko! Ko! Sasa jasho lilimtoka babu.

"Baba mdogo, babu anakataa."

"Wewe! Wakubwa wakiwa kazini, mtoto anatulia."

Kokugonza akarudi kando ya kiti cha babu, machozi yakimlenga. Babu alikuwa na maneno, hana mdomo. Yeye alikuwa na mdomo, hana wa kumsikiliza.

Muganyizi akazungusha ufunguo. Injini ikagoma. Kokugonza akasikia harufu ya petroli. Chini ya gari udongo ulikuwa umelowa.

"Sukumeni!" akaamuru Muganyizi.

"Shangazi!" Kokugonza akapiga kelele. "Babu akigonga mara mbili anakataa! Muulize mwenyewe!"

Noela akatoka mbio, nywele zimesukwa nusu, akapiga magoti mbele ya kiti. "Baba, tuliwashe?"

Ko! Ko!

"Tuache kwanza?"

Ko.

Noela akaangua kilio. Miaka yote hiyo hakuwahi kumuuliza baba yake neno.

Tangu hapo Kokugonza akauliza, babu akagonga, Muganyizi akafanya. Kwanza wakatoa betri. Boneti ilipofunguliwa, juu ya injini kulikuwa na kiota cha panya waliofuata dagaa, na mpira wa petroli ulikuwa umetafunwa. Vijana wakarudi nyuma. Wakaondoa kiota, wakabadilisha mpira, oili na petroli. Kisha babu akazungusha kiganja hewani, polepole.

"Tuizungushe injini kwa mkono?"

Ko.

Wakatoa plagi, wakadondoshea oili kidogo ndani, na Muganyizi akaizungusha kwa spana mpaka ikalegea.

Asubuhi wakarudisha plagi na betri, gari likawaka, likakohoa moshi, likatulia. Babu alikaa mbele. Noela na shela lake wakakaa nyuma pamoja na Kokugonza. Muganyizi akashika usukani, lakini hakuondoka.

"Koku, jana ningetuchoma moto sote," akasema. "Nilimsikia mzee akigonga, nikajijibia mwenyewe. Mgonjwa akipoteza kauli, akili yake haijapotea. Na mtoto akitoa onyo, asikilizwe kwanza, hata kama tuna haraka."

Akamgeukia baba yake. "Baba, twende?"

Babu akagonga mlango wa gari mara moja.