Leseni ya Mwalimu Atupele

"Brandt asivuke mpaka wa Kasumulu na hiyo CD!"

Mkuu akakata simu.

Tupokigwe, afisa wa usalama, alitumbukiza Nokia mfukoni na kuvuta mafuta. Yamaha ikanguruma kuteremka kutoka Tukuyu, manyunyu yakimchapa usoni. Nyuma yake Mwalimu Atupele, aliyemfundisha kompyuta sekondari, alimng'ang'ania kiunoni.

"Taratibu, mwanangu!"

"Nishike, Mwalimu."

Land Cruiser ya Brandt ilikuwa imebanwa nyuma ya trekta la majani ya chai. Tupokigwe akaipita, akaziba njia, akachomoa bastola yake ya Makarov.

"Shuka!"

Brandt alishuka akitabasamu. Huyu mgeni aliwaletea wakulima wa chai programu ya kutunza kumbukumbu zao, akidai ni mali yake. Angeisajili ng'ambo, chama chao cha ushirika kisingefungua hata daftari lake bila ruhusa yake.

Mwalimu akaichukua CD ya programu garini, akaiweka kwenye kompyuta yake ya mkononi, Toshiba, juu ya boneti.

"Hiki kiunzi ni changu," alisema. "Mifupa yote ya programu hii niliiandika mimi."

"Chako?" Brandt akacheka. "Kiunzi changu kinatumika nchi arobaini. Chako nani anakijua, mama?"

"Kikitumiwa na wengi hakiwi chako. Leseni yangu ilisema: chukua, badilisha, gawa bure. Usifute jina. Usiwafungie wengine."

"Leseni ipi? Mimi nilikiokota kwenye Intaneti. Hakikuwa na leseni wala jina."

Mwalimu aliinamia skrini. Alikuwa anateremsha mistari ya programu. Katikati ya Kiingereza cha mashine kulikuwa na maneno aliyojiandikia mwenyewe: *Ndaga fijo, Tata*, asante sana, Baba.

"Mzungu," aliuliza taratibu, "na hiki Kinyakyusa pia ni chako?"

Tabasamu likamtoka Brandt. Pingu zikalia.

Kazi ilikuwa imekwisha. Lakini Tupokigwe alishindwa kuinua macho.

"Ajabu," Mwalimu alisema. "Diski ya kiunzi hiki nilimpa mtu mmoja tu. Wewe."

Manyunyu yaliendelea.

"Ni mimi, Mwalimu. Mwaka tisini na nane, kwenye usaili wa idara ya usalama, nilifuta jina lako. Nikaondoa leseni. Nikasema nimekiandika mwenyewe. Nikakiweka kwenye Intaneti ili wanisifu."

"Kumbe."

Alisema hilo tu. Afadhali angemzaba kibao.

Defender ya polisi ilifika kutoka kituo cha Ushirika. Tupokigwe akakabidhi mtuhumiwa, CD na bastola yake ya kazi kwa sajenti. Kisha akachukua redio ya gari.

"Mkuu, Brandt tumemkamata. Programu ni ya Mwalimu Atupele wa Tukuyu. Aliyemwibia kwanza ni mimi. Andika hivyo kwenye ripoti."

"Tupokigwe, unajua unachosema? Kazi itakuponyoka."

"Najua, mkuu. Andika."

Akampa Mwalimu koti lake la mvua. Mwalimu alilipokea, lakini hakulivaa.

Tupokigwe akaziacha funguo za pikipiki kwenye boneti, akaanza kupanda mlima kwa miguu kuelekea Tukuyu. Hatua zake zilikuwa za mtu asiye na haraka. Uso ulikuwa unawaka kwa aibu.